Usianze na pistoni, anza na kupima silinda

Mkuu, hiyo gari yako Mini ya zamani kutoa moshi wa bluu, yaani kuunguza oili, haimaanishi uagize pistoni leo leo, shusha injini kwanza bloku, lile bonge la chuma la injini, ipelekwe kwa fundi wa kuchonga apime silinda, yale matundu ambamo pistoni zinapanda na kushuka, maana kama zimelika zimepoteza duara atazichonga na saizi ya pistoni itatokana na hapo, ukitanguliza pistoni umeliwa. Ringi nazo, zile pete za chuma zinazozunguka pistoni, kabla hujazivalisha ingiza moja tupu ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, ndo upime mwanya kati ya ncha zake mbili kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Na giaboksi usiiruke jamani! Kwenye Mini inatumia oili moja na injini, gia zikisagika huko vyuma vinarudi kwenye beringi zako mpya.