Kwa kaka wa zimamoto, Lindi

Kaka, umesema tangu mlipotoa miili kwenye lile basi, miezi mitatu sasa, ukisikia harufu ya dizeli mikono inatetemeka, usiku hulali, na wenzako kikosini wanakwambia ukaze moyo. Unauliza kama tiba ya mazungumzo si ya vichaa. Pole sana. Moyo umeukaza vya kutosha.

Dalili hizo zikipita mwezi mmoja, ni za kutibiwa. Nenda Sokoine, hospitali ya rufaa ya mkoa hapo hapo Lindi, uulizie huduma ya afya ya akili. Ukiogopa kukutana na unaowajua, panda gari uje hospitali ya Ligula, Mtwara. Hakuna atakayekupeleka Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma, kwa kukosa usingizi.

Vikao mara nyingi ni 8 hadi 12. Mtaalamu anakurudisha kwenye tukio taratibu, kwa kadiri unavyoweza: ile harufu, ile simu ya marehemu uliyosema iliendelea kuita mfukoni. Ubongo unajifunza kwamba yale yameshapita. Mwanzoni ndoto zinaweza kuzidi, usikimbie hapo. Gongo achana nayo, inaharibu hata huo usingizi kidogo. Ukifika mahali unaona bora ufe, usingoje kliniki, nenda dharura usiku huohuo.

Na shemeji mwambie unakokwenda, maana naye halali.