Kupima punje za chumvi: machekeche au leza?

Dada wa Uvinza, umeuliza kama machekeche yanatosha kupima ukubwa wa punje za chumvi au mpaka mashine ya leza, ile inayokadiria ukubwa kwa jinsi punje zinavyotawanya mwanga. Kwa chumvi yanatosha kabisa. Panga yenye matundu makubwa juu, madogo chini, sinia mwisho, tikisa, kisha pima uzito wa kilichobaki kwenye kila moja. Lakini kausha sampuli kwanza! Chumvi yenye unyevu hugandana na kuziba nyavu, na mvua za Kigoma unazijua mwenyewe. Ukishuka chini ya mikroni 75 (milimita 0.075), kuchekecha kukavu kunasumbua, hapo ndipo leza ina maana.

Ila chekeche halikuambii umbo. Punje nyembamba kama sindano hupenya kwa ncha, ukadhani ni ndogo. Leza nayo hukokotoa kana kwamba kila punje ni tufe. Ukitaka umbo, tumia hadubini. Chumvi safi mara nyingi utaiona ni vijimchemraba. Wanaohangaika hasa na umbo ni watengeneza vidonge: punje za sindano hazitiririki vizuri kwenye mashine, uzito wa vidonge ukapishana.