Kabla Hujashika Spana ya Nozeli

Vijana wa gereji, naandika nikiwa na hasira kidogo na mapenzi mengi. Wiki hii imeingia tena pikapu ya dizeli na lalamiko lilelile: nikifunga tela, inakunywa mafuta. Mwenye gari hajamaliza maelezo, mmoja wenu keshafungua boneti na keshatoa hukumu: nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda. Hakuuliza tela lina uzito gani. Hakuuliza jamaa anatembea spidi ngapi. Tairi hakuzitupia jicho. Mnajijua, majina siyataji.

Basi haya hapa, kwa mpangilio ninaotaka myafuate mkiletewa gari la namna hiyo.

1. Pimeni. Jaza tanki mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, andika kilomita, gari liende kazini, kisha rudi pampu ileile, lisimame vilevile, ujaze mpaka ikate tena. Ukishaanza kuongezeaongezea baada ya pampu kukata, dizeli inatoa povu na hesabu imeshaharibika. Ile namba ya dashibodi ni makadirio ya kompyuta kutokana na jinsi inavyoamuru nozeli zifunguke. Itumie kulinganisha leo na jana, usiiapie. Na safari zenye tela ziandikwe ukurasa wake, zisizo na tela ukurasa wake. Mkizichanganya mnapata wastani ambao gari halijawahi kuula hata siku moja.

Mjue pia kawaida ni ipi. Gari likifungwa tela zito, ulaji ukapanda kwa nusu, huo si ugonjwa. Tela refu la boksi linaweza kuufikisha hata mara mbili, na bado injini ikawa nzima kabisa.

2. Upepo na kilima vinakula kuliko nozeli mbovu. Nguvu ya hewa inayolizuia gari hukua kwa mraba wa mwendo. Dereva akitoka 90 kwenda 110 kwa saa, mwendo umeongezeka asilimia 22, lakini hewa inamzuia kwa karibu asilimia 50 zaidi katika kila kilomita. Sasa mfungie nyuma boksi lililochomoza juu ya paa la pikapu, uso wake umenyooka kama ukuta, halafu aje akuulize mafuta yanaenda wapi.

Kilima nacho kina hesabu yake. Chukua gari, tela na mzigo, jumla tani 5. Kuviinua kwa kimo cha mita 500 kunahitaji karibu megajuli 25. Lita moja ya dizeli ina kama megajuli 36, na injini nzuri ikiwa kazini inageuza theluthi na ushei tu kuwa kazi. Inayobaki inatokea kwenye ekzosi na radieta. Kwa hiyo lita 2 hivi zimeishia kwenye kilima peke yake, upepo na tairi hujavigusa. Mteja anayefanya kazi milimani msimlinganishe na binamu yake wa tambarare.

Niliwahi kumwambia dereva mmoja mbishi ajaribu kutozidi 85 akiwa na tela, safari moja tu, kwa hisani yangu. Akarudi ananishukuru kwa sevisi. Nilichokuwa nimelifanyia gari lake ni kufuta kioo cha mbele.

3. Tairi kubwa, na siku niliyoaibika. Hii nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha, na kwa sababu kuna mmoja wenu naona anaifuata njia yangu hatua kwa hatua.

Nilikuwa naliangalia gari la bosi mmoja, pikapu ya lita 3 inayovuta mashine za kazi. Lilikuja na tairi za 265/70R16. Mimi, kijana mwenye macho kuliko akili, nikamshawishi aweke 285/75R16. Gari likanyanyuka, likawa na sura. Baada ya hapo ulaji ukaanza kuonekana mbaya. Likiwa na tela lilikuwa linatoa kama kilomita 7 kwa lita, likashuka mpaka 5 na nusu. Bosi akaniita. Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma: nozeli zimekwisha.

Sikupima. Kile kipimo cha kuangalia mafuta yanayorudi, cha vile vichupa vinne unavyofunga kwenye mipira ya marejesho na kuona nozeli ipi inarudisha kuliko wenzake, nilikuwa nacho kabatini. Ni kazi ya muda mfupi. Sikukitoa, kwa sababu nilikuwa nimeshasema mbele ya watu, na mtu akishasema mbele ya watu anatafuta ushahidi wa kumsaidia, hatafuti ukweli.

Bosi akanunua seti nzima mpya. Nikafunga. Ni nozeli za mfumo wa reli moja ya presha, yaani paipu moja yenye dizeli ya presha kubwa inayolisha nozeli zote, na kila moja huandikwa kichwani msimbo wake, ambao lazima uingizwe kwenye kompyuta ya injini ili ijue hiyo nozeli inamwaga kiasi gani. Nikaona ile mistari ya herufi na namba, nikadhani ni ya kiwandani, haituhusu. Gari likawaka linatetemeka, injini inagonga, moshi mweupe asubuhi. Nikawaambia zinazoea. Nozeli zinazoea! Hata leo nikikumbuka hilo neno nataka kujificha chini ya gari.

Aliyeniokoa ni dereva wa bosi, mzee mpole asiyejua kompyuta wala hana haja nayo. Tulikuwa tumetoka naye kulijaribu likiwa na tela. Tuliposimama akashuka, akalizunguka tela, akasogeza mgongo wa kiganja karibu na habu ya kila gurudumu. Kwenye la kushoto nyuma akarudisha mkono haraka. Akatema mate pale kwenye habu, yakachemka na kukauka tukiyaangalia. "Fundi," akaniambia, bila kejeli hata chembe, "hili tela tunalivuta na breki."

Tukapiga jeki. Gurudumu lile ulikuwa huligeuzi mpaka uliegemee kwa mwili wote. Kebo ya breki ya mkono ya tela ilikuwa imekazwa kupita kiasi na upande ule ulikuwa umeshika kutu, haurudi. Aliyeikaza kebo ni nani? Msiulize.

Wakati wa kurudi, simu ya mzee ilikuwa kwenye dashibodi ikionyesha ramani na mwendo. Mita ya gari inasema 80, simu inasema 86. Nikanyamaza. Zile tairi mpya zilikuwa na kipenyo kikubwa kwa asilimia 7 na kidogo: kila mzunguko gari linakwenda mbali zaidi, lakini odomita inahesabu mzunguko uleule wa zamani. Kwa hiyo sehemu ya ule ulaji mbaya ilikuwa uongo wa hesabu. Ile 5 na nusu ilikuwa inakaribia 5.9. Kilichobaki ni breki iliyoshika, tairi zenyewe kuwa nzito, na gia kuwa ndefu mno. Kwenye mwinuko lilikuwa haliwezi tena kushikilia gia ya tano, linahangaika kati ya nne na tano, dereva naye amekanyaga mpaka chini.

Nozeli za zamani nilizipima baadaye, kimyakimya, usiku. Zilikuwa nzima. Bosi nilimweleza yote kesho yake, na sikufurahia mazungumzo hayo, lakini niliendelea kuwa fundi wake.

Kwa hiyo: mteja akija na tairi zilizobadilishwa, soma namba ubavuni, tafuta kipenyo, rekebisha kilomita kabla ya kugawa kwa lita. Na tela lazima lije gereji pamoja na gari. Sitaki tena kusikia "tela ameliacha nyumbani".

4. Upepo wa tairi upimwe zikiwa baridi, kwa namba ya kibandiko cha mlango inayohusu gari likiwa na mzigo, na tairi za tela zisisahaulike, kwani hizo ndizo hakuna anayezijali mpaka zipasuke.

5. Uzito kwenye mkono wa tela. Kwa tela la kawaida la kufunga kwenye mpira wa nyuma, mengi hutakiwa kuweka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake pale kwenye ndoano, lakini kitabu cha gari na cha tela ndivyo vyenye neno la mwisho, maana viko vinavyotaka pungufu ya hapo. Mzigo ukikaa nyuma mno tela linayumba, na dereva anayepambana na tela linaloyumba hana mguu mtulivu kwenye mafuta.

6. Thamostati, ile valvu inayofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini. Hii mnaipita kila siku kwa sababu gari halichemshi, na nyie mnaogopa kuchemsha tu. Thamostati iliyokwama wazi inaifanya injini iwe baridi muda wote. Ikitakiwa kukaa kwenye nyuzi 85 hadi 90, inakaa 65, na gari likishuka mlima joto linazidi kushuka. Kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inaongeza mafuta. Kwa magari yenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi, usafishaji wake unaweza kugoma kabisa. Usiangalie sindano ya dashibodi, nyingi zimetengenezwa zitulie katikati hata joto likibadilika. Chomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari, soma namba.

Tukiwa hapohapo: feni inayonguruma tangu asubuhi mpaka jioni bila kulegea, klachi yake imeganda, na injini inaizungusha bure.

7. Hewa inayovuja baada ya turbo, ile inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Gari linakosa nguvu kwenye mzigo, moshi mweusi, mluzi ukikanyaga. Pitisha kitambaa cheupe chini ya kila kibano cha mipira ya kwenda na kutoka intakula, ile radieta ya kupoza hewa ya turbo. Kikitoka na mafuta na vumbi lililoganda, umepata pa kuanzia. Maji ya sabuni na hewa ya kompresa yenye presha ndogo vinamaliza ubishi. Filta ya hewa iliyoziba nayo ni hapahapa, badilisha.

8. Ule usafishaji wa masizi. Kompyuta ikiamua kuunguza masizi, inamwaga mafuta ya ziada ili joto la ekzosi lifike nyuzi 600 hivi. Ukipima ulaji siku hiyo utapata namba ya kutisha. Cha kuuliza ni kama inafanya hivyo mara kwa mara mno, na kama dereva huzima gari katikati ya zoezi. Chomoa na kijiti cha oili: oili ikipanda badala ya kushuka, kuna dizeli imeingia humo.

9. Gia. Otomatiki yenye kitufe cha kuvutia tela, kibonyezwe. Kinazuia gia kuhangaika na kinasaidia konveta, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, ibaki imefunga, badala ya kuteleza na kupasha oili ya giaboksi moto. Na wale wa kushuka mlima na nyutro "kuokoa mafuta": ukiwa ndani ya gia na mguu umeutoa, dizeli ya kisasa inakata mafuta kabisa. Ukiwa nyutro inachoma mafuta ya sailensa, yale ya kuifanya injini isizime, na breki zote unaziachia mzigo wa tani 5. Umelipa zaidi ili uwe hatarini.

10. Sumaku za kubana kwenye paipu ya mafuta, eti zinapunguza ulaji: hapana. Nimejibu.

11. Yakishapita yote hayo na ulaji bado ni mbaya, sasa nenda kwenye mfumo wa mafuta. Nozeli zina siku zake kweli: gari linachelewa kuwaka, linagonga likiwa baridi, usawazishaji wa silinda kwenye mashine unaonyesha silinda moja inasaidiwa na wenzake, marejesho ya moja yamezidi. Hapo fungua, na mpya zikiingia andikeni misimbo. Kuna dizeli imelowesha injini na huoni inapotoka? Usitafute kwa vidole injini ikiwa inawaka. Reli inaweza kuzidi baa 1,600, na mchirizi usioonekana unapenya ngozi. Zima, acha presha ishuke, pangusa, na ukihitaji kuona ikiwa inawaka tumia kipande cha boksi kwenye kijiti kirefu. Mtu akichomwa, hata kama ni kitundu kidogo kisichouma, aende hospitali saa hiyohiyo na aseme wazi kuwa ni dizeli ya presha.