Pebble Beach au Bethpage Black: tunachobishania ni neno "umma"

Mleta mada ameuliza kwa nini Pebble Beach ya California huwekwa kileleni au karibu na kilele cha orodha za viwanja bora vya gofu vya umma nchini Marekani, ilhali raundi moja pale huzidi dola 600, na mchangiaji mmoja akamjibu kwamba orodha hupima uwanja, haipimi mfuko wa mchezaji. Nimeishi New York miaka 11, handikapu yangu (kipimo cha uwezo wa mchezaji; kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo anavyokuwa hodari) ni 18, na kabla ya hapo nilikuwa kedi nyumbani Nairobi, nikiwabebea wachezaji mikoba katika klabu ambamo sikuruhusiwa kucheza ila siku ya makedi, kwa hiyo nakiri mapema kwamba neno "umma" linanigusa kuliko linavyomgusa mtu aliyezaliwa na kadi ya uanachama mfukoni.

Katika orodha hizo, "umma" maana yake ni kwamba yeyote mwenye fedha anaweza kucheza bila kuwa mwanachama, basi. Ndiyo maana Pebble Beach, ambayo ni mali ya kampuni binafsi na iliyonunuliwa mwaka 1999 kwa dola milioni 820 na kundi la wawekezaji lililomjumuisha mwigizaji Clint Eastwood na marehemu Arnold Palmer, bingwa wa gofu, inashindanishwa na Bethpage Black, ambayo imo ndani ya hifadhi ya jimbo la New York na kujengwa kwake kulikuwa sehemu ya kazi za kuwapatia riziki watu waliokosa ajira katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Kuvipanga viwanja hivyo viwili kwa mizani moja ni kama kushindanisha hoteli ya ufukweni na ufukwe wenyewe.

Bethpage nililala ndani ya gari, na sikuwa peke yangu. Kuna nafasi za kuegesha zenye namba, na namba yako ndiyo foleni yako; mimi nilifika saa tatu usiku nikakuta nafasi kadhaa za mwanzo zimeshajaa, wazee wawili wamekunjua viti vya kitambaa kando ya gari lao wakinywa supu kutoka kwenye chupa ya chai, na kijana mmoja anazungusha fimbo chini ya taa ya maegesho bila mpira. Kabla ya alfajiri mhudumu akapita akigonga vioo na kugawa tiketi, nasi tukajipanga dirishani tukiwa na nywele zilizovurugika na vitambulisho mkononi, kwa sababu mkazi wa jimbo hulipa pungufu sana kuliko mgeni. Siku hiyo, Jumanne, nililipa chini ya dola 100. Mbele yangu alikuwa fundi bomba, nyuma yangu daktari, na hakuna aliyemtangulia mwenzake kwa sababu ya kazi yake.

Penye tii ya kwanza, yaani mahali pa kupigia mkwaju wa kuanzia, limetundikwa lile bango maarufu linaloonya kwamba uwanja ni mgumu mno na unapendekezwa kwa wachezaji wenye ujuzi mkubwa tu. Watu hulipiga picha na kucheka, kisha wanaingia. Nilimaliza kwa mikwaju 113 na kupoteza mipira sita. Shimo la 15 ndilo linalonirudia mpaka leo: unapiga mkwaju wa kwanza bondeni, kisha grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye tundu, iko juu kabisa ya kilima, imelindwa na mabanka (mashimo) ya mchanga, na mpira wangu uliotua pembeni yake ulibingirika taratibu kunirudia hadi karibu na viatu vyangu, mara mbili. Vigari haviruhusiwi, unatembea na mkoba wako, na kupanda kule baada ya usiku wa kulala umejikunja si mchezo.

Sasa, wanaosema Bethpage hupewa sifa kupita kiasi wana hoja, na sitaificha. Ukiacha chache kama hiyo ya 15, grini zake nyingi ni tambarare mno, na shimo la 18 ni hafifu kwa uwanja wa hadhi ile. Pebble Beach nimeizuru bila kucheza. Nilisimama nyuma ya grini ya 18, pale bahari inapopiga ukuta wa mawe upande wa kushoto wa njia nzima, nikaelewa kwa nini mtu hulipa. Mandhari ile hainunuliki kwa tingatinga. Ukiniuliza uwanja upi ni mzuri zaidi kwa macho, nitakujibu Pebble bila kusita.

Lakini orodha hutungwa na majopo ya watu ambao wengi wao ni wapigaji hodari, na ugumu unaomfurahisha hodari humchosha mtu wa handikapu kama yangu. Ugumu huo ulionekana mwaka 2002 US Open, mojawapo ya mashindano makubwa ya gofu, ilipochezwa Bethpage, mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufika katika uwanja unaomilikiwa na serikali, nyota Tiger Woods peke yake ndiye aliyemaliza chini ya pari, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji hodari. Laiti majopo yangeongeza kipimo kimoja tu, yaani mkazi wa kawaida anaupataje uwanja huo na kwa bei gani, Bethpage ingeongoza, na Torrey Pines ya San Diego, mali ya jiji, ambako wakazi nao hupunguziwa sana bei, ingeifuata kwa karibu. Bandon Dunes, kituo cha gofu kule Oregon, naiheshimu, ingawa umbali wake nao ni aina ya ada.

Mleta mada, kama utakuja New York mwaka huu, usije Jumatatu kwa sababu Black hufungwa siku hiyo. Njoo katikati ya wiki mwezi wa Oktoba, chukua mkoba mwepesi, blanketi na mipira ya zamani, na ukikosa namba usiondoke kwa hasira: Bethpage ina viwanja vitano, na Red ulio jirani utakutoa jasho la kutosha.