Jibu: Miguu inayokataa kutulia usiku

Pole sana ndugu yangu. Umeuliza kama magnesiamu inatosha kutuliza miguu inayokuamsha usiku kwa hamu ya kuichezesha (kwa Kiingereza "restless legs"), au uanze dawa. Mimi magnesiamu ilinisaidia kidogo mno. Kabla hujanunua kopo lingine, omba upimwe feritini, yaani akiba ya madini ya chuma mwilini. Usiridhike ukiambiwa tu "damu iko sawa": unaweza usiwe na upungufu wa damu na bado feritini ikawa chini ya mikrogramu 75 kwa lita, kiwango ambacho kwa tatizo hili madaktari wengi hufikiria kutoa vidonge vya chuma. Usivimeze bila kipimo, chuma kikizidi kinaumiza ini.

Pramipeksoli na ropiniroli, dawa zinazotolewa kutuliza miguu hii, ziendee kwa tahadhari. Mwanzoni nilipona kabisa. Baadaye dawa hizo hizo zikazidisha tatizo: hali iliyokuwa ikianza saa nne usiku ikaanza saa kumi jioni, ikapanda mpaka mikononi. Ukiona hivyo usijiongezee dozi wala usiache ghafla, rudi kwa daktari. Sasa natumia gabapentini, dawa ya aina nyingine, nalala.

Na usiku ukizidiwa, usibaki kitandani kushindana nayo. Mimi huinuka, nakanyaga sakafu ya baridi, nakanda vigimbi kwa nguvu, natembea taratibu. Nilipoacha kuhesabu saa zilizobaki kabla hakujakucha, hofu ilipungua sana.

Je, unatumia dawa yoyote ya mzio, kichefuchefu au sonona? Baadhi yake huchochea miguu hii hii.