Kutia nanga Fakarava penye matumbawe

Ndugu yangu, umeuliza mtie nanga vipi Fakarava, kile kisiwa cha matumbawe cha Polinesia ya Kifaransa kilichozunguka maji ya ndani, bila kunasa, maana wewe na mkeo mtaishi kwenye mashua ya tanga miezi mitatu. Chini pale ni mchanga wenye vichwa vya matumbawe. Upepo ukigeuka, mnyororo hujizungusha kwenye kichwa kimoja na kubaki mfupi. Mawimbi yakija unakatika, au unavunja matumbawe yaliyokua miaka mingi, na hilo linauma kuliko hasara ya nanga. Tafuta doa la mchanga mweupe, kisha fungia mnyororo maboya madogo uelee juu ya matumbawe. Mlangoni, yaani kwenye pengo la mwamba la kuingilia maji ya ndani, ingieni mkondo wa maji ukitulia, jua likiwa juu. Kingeni maji ya mvua kwa turubai, maana kisiwa hakina mito. Novemba hadi Aprili ni msimu wa vimbunga, tafadhali pangeni safari nje ya hapo.