Kwa mnaoingia kamati ya sera: kuitetea teknolojia ya bahari serikalini

Mara ya kwanza chama chetu cha wataalamu wa teknolojia ya bahari kiliponituma wizarani, nilikwenda na andiko la kurasa 34. Nilikuwa nimeeleza kila kitu kuhusu sona ya kupimia sakafu ya bahari, kifaa kinachotuma sauti na kusikiliza mwangwi wake: upana wa miale, masafa, namna kasi ya sauti inavyobadilika maji yakipata joto au chumvi ikizidi. Afisa aliyenipokea alisoma ukurasa wa kwanza wote, taratibu, kisha akaniuliza: "Injinia, sheria inanidai meli zisigonge mwamba. Hiki kinanisaidiaje mwaka huu wa fedha?" Jibu lilikuwemo, ukurasa wa 21, katikati ya aya ya usahihi wa vipimo. Nilishindwa kulitoa kwa sababu sikuwahi kufikiri kwamba hilo ndilo jibu.

Tangu siku hiyo nimepiga hodi katika ofisi nyingi kwa niaba ya chama, na haya ninayowaandikia nimeyapata huko.

Serikali hainunui kifaa. Ina wajibu uliokwisha kuandikwa kisheria, na kifaa hupata nafasi pale wajibu huo unapokwama kwa kukikosa. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno moja kuhusu teknolojia, someni sheria inayoiunda ofisi mnayokwenda kuiona. Tafuteni kifungu kinachomnyima usingizi mkurugenzi wake. Siku hizi vifungu vya namna hiyo vinaongezeka. Mkataba wa kulinda viumbe wa bahari kuu uliopitishwa mwaka 2023 ulianza kutumika tarehe 17 Januari 2026, na una sehemu nzima inayohusu kujenga uwezo na kuhamisha teknolojia ya bahari. Katika kila nchi iliyouridhia yupo afisa aliyekabidhiwa faili hilo, na mara nyingi hajapata mtaalamu wa kukaa naye mezani. Nendeni mkakae naye.

Chukueni mfano wa kifaa cha kawaida kabisa: kipimo cha kupwa na kujaa kwa maji, kile kinachofungwa gatini. Bandari inakihitaji ili meli kubwa zijue saa ya kuingia. Watu wa hali ya hewa na wa maafa wanakihitaji kwa tahadhari za mafuriko na tsunami. Wachora ramani wanakihitaji kwa sababu kina cha maji hakina maana bila kujua kimepimwa kutokea usawa gani. Hata wanasheria wa mipaka wanakihitaji, maana Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 kwa kawaida huanza kuhesabu eneo la bahari la nchi kutoka mstari wa maji kupwa. Ofisi nne, kifaa kimoja. Mtu angedhani kupata fedha kungekuwa rahisi. Nimeona kinyume chake mara nyingi: kila ofisi huamini kwamba mwenzake ndiye mwenye jukumu la kulipia, na bajeti inapita bila mtu kuandika mstari huo.

Hapa ndipo naona thamani halisi ya chama cha kitaaluma, kuliko mahali pengine popote. Wizara moja ikiita nyingine mezani, nyingine huja na wasiwasi kwamba inanyang'anywa kitu. Chama hakiombi fungu wala hakigombei madaraka, kwa hiyo kinaweza kuwaita wote wanne kwenye chumba kimoja, kuweka ratiba ya usafishaji na urekebishaji ubaoni, na kuuliza nani atabeba lipi. Huko Marekani, sheria ya mwaka 1966 iliunda tume iliyoongozwa na Julius Stratton kuchunguza mambo yote ya bahari. Ripoti yake ilitoka Januari 1969, na Oktoba 1970 ikaanzishwa NOAA, shirika la taifa hilo la bahari na anga, iliyokusanya pamoja ofisi zilizotawanyika huku na huko, nyingine zikiwa na zaidi ya karne moja. Ukubwa wa aina hiyo hautatokea kila mwaka. Ila kikao cha ofisi nne kinaweza kutokea mwezi ujao mkikipanga.

Sasa jambo ambalo naomba mlishike kuliko yote: fedha za matunzo. Kununua kunapendeza, kuna utepe wa kukata na picha za kupiga. Matunzo yako kwenye matumizi ya kawaida, na huko ndiko panga hupita kwanza. Tazameni safu ya TAO, maboya ya kupimia joto la maji na upepo katikati ya Bahari ya Pasifiki, ambayo pamoja na maboya ya Japani ilifikia takriban 70 na ndiyo iliyokuwa jicho la dunia kwa El Niño. Mwaka 2012 meli iliyokuwa ikiyahudumia iliondolewa kazini kwa sababu za bajeti. Kufikia mwanzoni mwa 2014, data iliyokuwa ikipatikana kutoka sehemu ya Marekani ya safu hiyo ilishuka hadi asilimia 40 hivi. Usanifu wa maboya haukuwa na kasoro. Yalikosa meli ya kwenda kubadilisha betri na vipuri, kazi inayotakiwa kila mwaka.

Hilo unaweza kulieleza kwa saa nzima ofisini na usieleweke. Sisi tuliamua kumpeleka afisa wa bajeti baharini. Boya lilipopandishwa sitahani, kihisio chake cha kupimia kilikuwa kimefunikwa na magamba ya viumbe wa baharini na utelezi wa kijani kiasi kwamba kioo hakikuonekana. Fundi alimpa brashi. Alisugua kama dakika kumi, akauliza hali hiyo huchukua muda gani kutokea. Fundi akamjibu kwamba boya lilikuwa limefanyiwa usafi miezi minne tu iliyopita. Mwaka uliofuata, mstari wa matunzo ulikuwemo kwenye makadirio, na hatukuwa tumeandika barua yoyote ya ziada kuuomba. Kwa hiyo katika kila andiko mtakalopeleka, gharama ya miaka kumi ya kukitunza kifaa iwe ukurasa mmoja na bei ya kukinunua. Baadhi ya wenzetu huogopa kwamba namba kubwa itamtisha mwamuzi. Mimi naogopa zaidi boya lililokufa likiwa limeandikwa jina la chama chetu.

Semeni pia pale teknolojia isiposaidia. Tarehe 28 Septemba 2018 tsunami ilipiga Palu, Indonesia, na ikajulikana kwamba maboya ya tahadhari ya nchi hiyo hayakuwa yakifanya kazi tangu 2012. Ilikuwa rahisi kusimama na kusema: mngeyatunza, watu wangepona. Lakini Palu mawimbi yalifika ndani ya dakika chache. Boya la bahari ya kina kirefu, hata likiwa zima, lisingewapa watu muda wa maana. Kilichohitajika kwa hatari ya aina hiyo ni mtu wa pwani kujua kukimbilia mlimani mara tu ardhi inapotikisika, bila kusubiri king'ora. Ni tofauti na tarehe 26 Desemba 2004 katika Bahari ya Hindi, ambapo Sri Lanka ilikuwa na saa mbili hivi kabla ya wimbi, na hakukuwa na mfumo wowote wa kuwaambia watu, ingawa Pasifiki ilikuwa na kituo cha tahadhari tangu 1949. Chama kinachoweza kutenganisha matukio haya mawili mbele ya kamati ya bunge kitasikilizwa. Kinachotumia kila msiba kuuza boya kitasikilizwa mara moja tu.

Na hilo linanileta kwenye doa tulilowahi kulipata. Mwanachama mwenzetu, mtu hodari na ninayemheshimu, alitoa mada kwa niaba ya chama kuhusu roboti za chini ya maji. Mada ilikuwa safi. Mwishoni akagawa vipeperushi vya kampuni iliyomwajiri. Hakuvunja sheria yoyote, ila niliona maafisa wawili wakitazamana. Ilichukua karibu miaka mitatu ofisi ile kutualika tena, na kila tulipopiga simu tulipigwa danadana. Tangu hapo tuna utaratibu: anayezungumza kwa jina la chama hutaja mwajiri wake mwanzoni, hataji chapa yoyote, na kama mada inagusa zabuni iliyo wazi, anakaa pembeni na mwingine anazungumza.

Mengine ni madogo. Jueni kalenda ya bajeti. Hoja nzuri ikifika baada ya makadirio kufungwa imechelewa mwaka mzima. Waheshimuni maafisa wa ngazi za chini, wao ndio wanaoandika rasimu. Wakihamishwa, msiwasahau.

Yule afisa wa swali la mwamba alihamishwa mara mbili. Miaka kadhaa baadaye akanipigia kutoka idara nyingine: alikuwa na pendekezo mezani la kununua vipimo vya maji vya bei kubwa, na alitaka kujua kama ni lazima viwe vile. Tulikaa na wenzangu jioni moja tukapitia mahitaji yake. Havikuwa lazima. Aina ya bei nafuu ingetosha kabisa, na hakuna mwanachama wetu aliyekuwa akiitengeneza. Tukamwandikia hivyo kwa ukurasa mmoja. Alinunua vya bei nafuu, na kilichobaki akakiweka kwenye matunzo ya miaka mitatu. Wiki chache baadaye alipiga tena, safari hii akiuliza nani anaweza kuwafundisha mafundi wake kuvisafisha.